Saa, Wakati na Mara: Njia ya Msemaji wa Kiswahili Kulifikia Neno Sahihi la Kihispania

Utangulizi

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayejifunza Kihispania huanza, karibu kila mara, akiwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza na kamusi ya Kiingereza na Kihispania, kwa sababu vitabu vya kumwongoza kutoka Kiswahili moja kwa moja ni adimu, na kwa sababu Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika shule za sekondari na vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Hivyo kila neno la Kihispania humfikia likiwa limekwisha kupita katika lugha ya tatu, na anapoketi kuandika hajiulizi tena Wahispania hulisemaje jambo analotaka kulisema, bali hujiuliza ni neno gani la Kihispania linalokaa mahali pa neno fulani la Kiingereza. Mhadhara huu unalichunguza swali hilo la pili, unaeleza kwa nini majibu yake humpotosha mwanafunzi, na unapendekeza njia iliyo fupi zaidi.

Hoja inayobeba mhadhara mzima ni kwamba maneno yanayomkwaza mwanafunzi si yale magumu ya kitaalamu, ambayo kwa kawaida huwa na neno moja tu kila upande, bali ni maneno mafupi ya kila siku, kama vile "time", "ask", "free", "get" na "be", ambayo Kiingereza kimeyabebesha maana nyingi na Kihispania kimezigawa maana hizo kwa maneno kadhaa. Pamoja na hilo, msemaji wa Kiswahili anao tayari kinywani mwake mgawanyo ambao Kihispania kinaudai katika sehemu kubwa ya maneno hayo, ila huuacha mlangoni anapokubali kuanza na Kiingereza.

Suala hili lina uzito kwa Waafrika wenyewe. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, na mojawapo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kutoka Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968. Katika Umoja wa Afrika, ambao Februari 2022 ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi, Kihispania na Kiswahili sasa huketi meza moja, na si jambo la heshima kwa lugha mbili zilizoketi pamoja kuzungumza kwa kupitia kwa mkalimani wa tatu kila siku.

Kisawe na mipaka ya maana

Kisawe ni neno la lugha moja linalochukuliwa kuwa na maana sawa na neno la lugha nyingine. Kamusi za lugha mbili hujengwa juu ya dhana hiyo, na mpangilio wake wa safu mbili humfanya msomaji aamini kwamba maneno ya lugha mbalimbali yamepangwa kama jozi za viatu, kila moja likiwa na mwenzake. Ukweli ni kwamba kila lugha huyagawa mambo ya dunia kwa mipaka yake, mithili ya vijiji viwili ambavyo, vikipewa bonde lilelile, kimoja hulikata kwa matuta mapana na kingine kwa matuta membamba, na hakuna sababu ya kutazamia kwamba matuta hayo yatakutana.

Mwili wa mwanadamu unatoa mfano ulio wazi. Kiingereza kina neno moja kwa kidole cha mkono na neno jingine kabisa kwa kidole cha mguu, ilhali Kihispania kinasema "dedo" kwa vyote viwili na kuongeza "del pie" inapohitajika kutaja cha mguu, sawasawa na Kiswahili kinavyosema "kidole" na kuongeza "cha mguu". Mwanafunzi anayeanzia Kiingereza hutafuta maneno mawili pasipo haja. Upande wa pili, kitenzi cha Kihispania "esperar" hubeba peke yake maana za kungoja, kutumaini na kutarajia, ambazo Kiswahili na Kiingereza vimezitenga, na msomaji hutambua maana iliyokusudiwa kutokana na maneno yanayokizunguka. Mipaka ya lugha hizi tatu basi haifuati utaratibu mmoja, na hakuna lugha inayostahili kufanywa kipimo cha nyingine.

Saa, wakati na mara

Neno la Kiingereza "time" linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ni miongoni mwa nomino zinazotumika sana katika lugha hiyo na kosa lake hujitokeza mapema. Kihispania kinaligawa katika maneno matatu makuu: "tiempo", ambalo ni wakati kama kitu kinachopita na kinachoweza kutosha au kupungua, "hora", ambalo ni saa inayosomwa au kupangwa, na "vez", ambalo ni tukio linalohesabiwa. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "time" ni "tiempo" huuliza "¿Qué tiempo es?" akitaka kujua ni saa ngapi, au hudai kwamba amekwenda Bogotá "tres tiempos", na Mhispania hushindwa kumwelewa, kwa sababu sentensi ya kwanza humpeleka kwenye mambo ya hali ya hewa na ya pili haina maana aliyoikusudia.

Mwanafunzi huyohuyo, laiti angeanza na Kiswahili, asingekosea. Hakuna mtu wa Tanga wala wa Mombasa anayeuliza "Ni wakati ngapi?" akitaka kuambiwa saa, wala anayesema kwamba ameonja chakula fulani "wakati tatu". Husema "Ni saa ngapi?", husema "Sina wakati", husema "mara tatu", na sentensi hizo hupata wenzake katika "¿Qué hora es?", "No tengo tiempo" na "tres veces". Hata migawanyo ya ndani zaidi inakutana: kitambo kidogo ni "un rato", enzi au zama ni "época", na muda uliowekwa ambao ukipita jambo limeharibika ni "plazo". Kiingereza kinaweza kulitumia neno "time" karibu katika maana hizi zote, na ndiyo maana hakimpi mwanafunzi ishara yoyote ya njia panda aliyoifikia.

Ulinganifu huo haupaswi kumlewesha mtu. Neno "saa" katika Kiswahili ni kipimo cha muda na pia ni chombo kinachovaliwa mkononi au kutundikwa ukutani, na chombo hicho kwa Kihispania ni "reloj", kikiwa kikubwa au kidogo. Tena Waswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na Wahispania kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, hivyo saa moja asubuhi ni "las siete de la mañana" na saa saba mchana ni "la una de la tarde". Katika hesabu za kuzidisha, ambapo Mswahili husema mbili mara tatu, Mhispania halitumii neno "vez", bali husema "dos por tres".

Kuuliza na kuomba, huru na bure

Kitenzi "ask" ni mfano wa pili ambamo Kiswahili na Kihispania vinakubaliana dhidi ya Kiingereza. Anayetaka habari huuliza, na kwa Kihispania kitenzi chake ni "preguntar". Anayetaka kitu au tendo huomba, na kitenzi chake ni "pedir". Mnunuzi sokoni kwanza huuliza bei, "pregunta el precio", kisha huomba apunguziwe, "pide una rebaja", na hakuna Mswahili ambaye angeyachanganya matendo hayo mawili, kwa kuwa la kwanza humdai muuzaji maneno na la pili humdai fedha. Hata kumuulizia mtu, yaani kutaka kujua habari zake au mahali alipo, kunapata umbo lake katika "preguntar por alguien".

Neno "free" nalo hugawanyika vilevile. Nchi huru ni "un país libre", na kitu cha bure ni "gratis". Kiti kisicho na mtu, ambacho Mswahili hakiiti kiti huru, ni "un asiento libre", na kitu kisicho na sukari ni "sin azúcar", yaani bila sukari. Kitenzi "play" hufuata mkondo huo: mpira huchezwa, "jugar", na gitaa hupigwa, "tocar". Hapa uangalifu unahitajika, kwa kuwa kucheza kwa Kiswahili ni pamoja na kucheza ngoma, ambako kwa Kihispania ni "bailar", na kupiga kwa Kiswahili kumeenea hadi kwenye simu na picha, ambako "tocar" hakufiki. Kitenzi "save" hakina utata wowote kwa anayefikiri kwa Kiswahili: kuokoa maisha ni "salvar", kuweka akiba ya fedha ni "ahorrar", na kuhifadhi kitu mahali pake, iwe waraka kabatini au faili katika kompyuta, ni "guardar".

Kitenzi "get" na viambishi viwili

Pengine hakuna neno la Kiingereza linalomchosha mtafsiri wa Kihispania kama "get". Kamusi hulipa safu ndefu, na mwanafunzi asiye na subira huchukua kisawe cha kwanza, kwa kawaida "obtener" au "conseguir", akakipeleka kila mahali. Kiswahili hakina neno kama hilo na hakijawahi kulihitaji. Barua hupokewa, nayo ni "recibir". Kazi hupatikana baada ya kutafutwa, nayo ni "conseguir". Mji hufikiwa, nayo ni "llegar". Basi hupandwa, nayo ni "subir", na abiria akishuka ni "bajar". Na alfajiri mtu huamka, nayo ni "levantarse". Kila tendo lina kitenzi chake katika lugha zote mbili, na ni Kiingereza pekee kilichoyatia yote katika kapu moja.

Sehemu iliyo tajiri zaidi ni ile ya kuingia katika hali mpya. Kiingereza huweka "get" mbele ya kivumishi: mtu akachoka, akakasirika, akalewa, akazeeka, akanenepa au akatajirika, yote husemwa kwa kitenzi hicho na sifa inayofuata. Kiswahili huitia hali ndani ya kitenzi chenyewe, mara nyingi kwa kiambishi tamati cha "-ika" au "-eka", ambacho humwonyesha mtu akiingia katika hali fulani pasipo kumtaja aliyemwingiza. Kihispania nacho huunda kitenzi kutokana na sifa, na mara nyingi hukiongezea kijineno "se", ambacho huonyesha kwamba tendo linamrudia mtendaji au linampata yeye mwenyewe. Kuchoka ni "cansarse", kulewa ni "emborracharse", kutajirika ni "enriquecerse", kuzeeka ni "envejecer", kunenepa ni "engordar", na kukasirika ni "enfadarse" nchini Uhispania au "enojarse" katika sehemu kubwa ya Amerika. Kwa njia tofauti, kiambishi kimoja cha Kiswahili na kijineno kimoja cha Kihispania vimefika mahali pamoja, na anayevijua viwili hivyo hana sababu ya kupita kwenye "get".

Ndoa inaonyesha mpaka wa ulinganifu huu. Mswahili hutofautisha kuoa na kuolewa, kwa kumtazama mwanamume na mwanamke, ilhali "casarse" ni ya wote wawili. Mzazi anayemwozesha binti yake hutumia "casar a su hija", pasipo "se", kwa kuwa tendo halimrudii yeye bali linamwendea mwingine.

Kuwa kwa namna mbili

Vitenzi "ser" na "estar" humsumbua kila mgeni wa Kihispania, kwa sababu vyote viwili ni kuwa, na vitabu vingi huvitenganisha kwa kanuni kwamba cha kwanza ni cha mambo ya kudumu na cha pili ni cha mambo ya kupita. Kanuni hiyo huvunjika mapema. Mji wa Madrid haujahama kwa karne nyingi, lakini Mhispania husema "Madrid está en España". Na kifo, ambacho hakuna jambo la kudumu kukizidi, husemwa kwa kitenzi kinachodaiwa kuwa cha muda, "está muerto".

Kiswahili kinampa mwanafunzi mwanga ulio bora kuliko kanuni hiyo. Kwanza, Kiswahili hutenganisha "ni", kinachosema mtu au kitu ni nani au ni nini, na viambishi vya mahali "-po", "-ko" na "-mo". Juan ni mwalimu, "es profesor", lakini Juan yuko Madrid, "está en Madrid". Mahali basi ni pa "estar", pawe pa kudumu au pa kupita, isipokuwa panapotajwa mahali pa tukio kufanyika: harusi itakayofanyika kanisani ni "la boda es en la iglesia", na kipimo chepesi ni kwamba panapokubali kitenzi kufanyika, "ser" ndicho chake.

Pili, na hili ndilo lenye faida kubwa zaidi, Kiswahili hutumia kiambishi "-me-" kusema hali ambayo mtu amekwisha kuiingia na bado yumo ndani yake. Mswahili hasemi kwamba mtu ni wa kuketi, husema ameketi. Husema amesimama, amechoka, amelala, amekufa, na Mhispania hujibu kwa "estar": "está sentado", "está de pie", "está cansado", "está dormido", "está muerto". Kifo hakimtatizi Mswahili hapa, kwa kuwa kwake kufa ni kuingia katika hali, na "-me-" ndiyo alama ya aliyeingia. Asili ya neno inaunga mkono mtazamo huu, kwa sababu "estar" limetokana na kitenzi cha Kilatini "stare", yaani kusimama: kitenzi hicho kinauliza kitu kimesimamaje sasa, bila kuuliza kitasimama hivyo kwa muda gani.

Tofauti inapobadilisha maana ya sifa ileile, Kiswahili huwa na maneno mawili yaliyo tayari. "Es listo" ni mwerevu, na "está listo" yuko tayari. "Es aburrido" ni mtu wa kuchosha, na "está aburrido" amechoshwa. Embe la kijani kwa rangi yake "es verde", na embe ambalo halijaiva "está verde". Sehemu moja tu inahitaji tahadhari ya kudumu: Kiswahili husema mtoto ni mgonjwa na chai ni baridi, kwa "ni" ileile ya kumtambulisha mwalimu, ilhali Kihispania hudai "está enfermo" na "está frío", kwa kuwa ugonjwa na ubaridi ni hali ambazo mtoto na chai vimeziingia.

Por na para

Vihusishi "por" na "para" mara nyingi hupewa kisawe kimoja cha Kiingereza, "for", na hapo ndipo mwanafunzi hutupa sarafu. Historia ya maneno inafaa kuanza nayo. "Por" lilizaliwa kutokana na kuchanganyika kwa vihusishi viwili vya Kilatini, "per" na "pro", vilivyobeba maana za kupitia na za badala ya. "Para" lilitokana na umbo la zamani "pora", ambamo "pro" iliungana na "ad", yaani kuelekea. Maana ya kuelekea imebaki ndani ya "para" hadi leo, hivyo neno hilo hutazama mbele, penye mwisho, mpokeaji, lengo au siku iliyowekwa, ilhali "por" hutazama nyuma kwenye sababu, au kando kwenye njia, au katikati ya vitu viwili vinavyobadilishana.

Mwanafunzi anapoandika sentensi yake kwa Kiswahili kwanza, njia hizo hujitenga zenyewe. Anayemfanyia kazi kaka yake, kaka akiwa mwajiri, husema "trabajo para mi hermano". Anayefanya kazi badala ya kaka aliyeugua husema "trabajo por mi hermano". Anayeelekea ufukweni huenda "para la playa", na anayetembea kandokando yake hutembea "por la playa". Kitabu alichonunuliwa Ana ni "para Ana", na kilinunuliwa "por veinte pesos", yaani fedha zikitoka na kitabu kikiingia. Mwenye kusoma ili ajue husoma "para saber". Kwa ufupi, panapokaa "ili", "kuelekea", "ifikapo" au kauli ya kutendea yenye mpokeaji, "para" ndiyo yake. Na panapokaa "kwa sababu ya", "badala ya", "kupitia" au bei, "por" ndiyo yake. Neno la kuogopwa ni "kwa", ambalo ni pana kupita kiasi na ambalo likitumika kuhusu chombo, kama katika kukata kwa kisu, halihusiani na mojawapo, bali hutafsiriwa kwa "con".

Mahali ambapo Kiswahili hakitoshi

Uaminifu wa kitaaluma unadai kutajwa kwa sehemu ambazo Kiswahili ni kipana kuliko Kihispania, kwa kuwa hapo mwanafunzi atakosea hata akikikwepa Kiingereza. Samaki anayeogelea ni "pez", na akishavuliwa na kuwa kitoweo ni "pescado", neno ambalo kwa umbo lake lina maana ya aliyevuliwa. Mvuvi hubadilisha jina la kiumbe yuleyule kwa kumtoa majini. Mguu wa mtu ni "pierna", unyayo wake ni "pie", na mguu wa ng'ombe au wa meza ni "pata". Mkono ni "brazo" kuanzia begani na "mano" panapoanzia kiganja. Pembe ya nje, panapokutana barabara mbili, ni "esquina", na pembe ya ndani ya chumba ni "rincón", hivyo aliyepanga kukutana na rafiki kwenye "rincón" ya barabara amemwacha rafiki huyo bila pa kusimama.

Kitenzi kujua ni mfano mzito zaidi. Mswahili humjua mtu, huijua Nairobi na hujua Kihispania, kwa kitenzi kimoja, ilhali Mhispania hutumia "conocer" kwa mtu au mahali alipopazoea, na "saber" kwa habari na ujuzi. Hata hivyo Kiswahili hakimwachi mwanafunzi mtupu, kwa kuwa "najua kuogelea" ni "sé nadar" neno kwa neno, ilhali Kiingereza, kinachosema kwamba mtu anaweza kuogelea, humsukuma kuelekea "puedo", ambalo lingekuwa na maana ya kwamba hakuna kinachomzuia.

Kiwakilishi "wewe" nacho ni kipana. Kihispania humtaka msemaji achague kati ya "tú" ya ukaribu na "usted" ya heshima, na nchini Argentina, Uruguay na katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kati "vos" huchukua nafasi ya "tú". Mswahili huiweka heshima katika maamkizi na majina ya udugu, na anayestahili shikamoo mara nyingi ndiye anayestahili "usted", ingawa desturi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi.

Neno sahihi, nchi isiyo yake

Usahihi wa neno hutegemea pia mahali. Msomaji wa Kiswahili hashangai kusikia kwamba gari lile la abiria ni matatu Nairobi na daladala Dar es Salaam, na kwa hiyo hatashangaa kujua kwamba basi ni "autobús" Madrid, "guagua" Cuba na katika Visiwa vya Canarias, "colectivo" Buenos Aires na "camión" Mexico, ambako neno hilo limehama kutoka kwenye maana yake ya lori. Chile, "guagua" ni mtoto mchanga. Kiazi ni "patata" kwa Wahispania wengi na "papa" kwa Waamerika. Kitenzi "coger", ambacho nchini Uhispania ni kushika au kupanda basi na hakimwaibishi mtu, Mexico na Argentina ni neno chafu la mambo ya faragha, na mgeni mwenye adabu husema "tomar".

Chuo cha Lugha ya Kihispania, yaani Real Academia Española, kilianzishwa Madrid mwaka 1713, lakini sasa kimeungana na vyuo vya Amerika katika jumuiya moja iliyoanzishwa mwaka 1951, na mwaka 2010 jumuiya hiyo ilichapisha kamusi ya maneno ya Kiamerika. Usahihi wa Kihispania ni wa pamoja, nao haukai katika mji mmoja.

Hata na hasta

Ipo sababu nyingine ya lugha hizi mbili kukutana pasipo mpatanishi. Waarabu na Waislamu wa Andalusi walitawala sehemu za Uhispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na biashara na dini zilikiingiza Kiarabu katika pwani ya Afrika Mashariki, kiasi kwamba maneno yenye asili moja yako mwanzo na mwisho wa safari hiyo ndefu. Sukari ni "azúcar", zeituni ni "aceituna", na mtu fulani ni "fulano". Ndugu hawa lakini wamekulia nyumba tofauti: "aduana", lililotoka kwenye neno lililozaa "diwani", ni forodha, na "alcalde", lenye asili moja na "kadhi", ni meya. Anayefuata sura ya neno bila kuuliza kazi yake atampeleka mshtaki kwa mtu asiye hakimu.

Neno linalofurahisha kuliko yote ni "hasta", lililotokana na "ḥattā" ya Kiarabu, ambayo pia ndiyo iliyozaa "hata" ya Kiswahili. Mhispania hulitumia kwa maana ya mpaka, na pia kwa maana ya kujumuisha asiyetazamiwa: "hasta los niños lo saben", hata watoto wanajua. Kiswahili cha masimulizi kinalo "hata" lililo karibu na maana ya kwanza, kama katika "hata alipofika mjini". Kiingereza hutumia maneno mawili yasiyohusiana kabisa, na anayeanzia huko hawezi kuona kwamba "hasta" ni neno alilokwisha kulijua tangu utotoni.

Hitimisho

María Moliner, mkutubi wa Kihispania aliyetunga kamusi yake nyumbani kwa takriban miaka 15 na kuichapisha katika juzuu mbili mwaka 1966 na 1967, aliipanga ili isimpe msomaji maana ya neno tu, bali pia imwongoze kutoka kwenye wazo hadi kwenye neno linalolifaa. Mwelekeo huo ndio unaopendekezwa hapa kwa msemaji wa Kiswahili: aanze na jambo analotaka kulisema, alitamke kwa Kiswahili katika sentensi nzima, kisha alitafutie Kihispania chake, na anapopata neno alitazame katika kamusi ya Kihispania kwa Kihispania ili aone linakwenda na maneno gani na katika nchi zipi.

Kazi iliyobaki ni ya wasomi wa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili na Kihispania inayostahili jina hilo haiwezi kupatikana kwa kubadilisha upande mmoja wa kamusi ya Kiingereza, kwa kuwa itarithi makapu yake yote, na mtumiaji wake atakuta tena wakati, saa na mara vikiwa vimefungwa pamoja. Inapaswa kuandikwa na watu wanaojua kwamba kuuliza si kuomba, na kwamba aliyechoka amekwisha kuchoka. Mpaka itakapochapishwa, daftari la mwanafunzi linaweza kuanza kazi hiyo: ukurasa wa safu mbili, sentensi ya Kiswahili kushoto na ya Kihispania kulia, na mstari wa kwanza ukiwa "Ni saa ngapi?" na "¿Qué hora es?".